Gathoni wa Nne

Saa nne usiku, Ngara, ghorofa ya tano.
Chini yetu wauza vipuri wamefunga mabati,
nami nabishana na sentensi moja nyekundu:
darasa hili limepatikana mara mbili.

Ajabu, kwenye simu programu inakwenda.
Mama wa Kariobangi anaweka mia mbili zake za chama,
salio linapanda, anatabasamu, anazima skrini.
Ni majaribio tu yanayogoma,
yale ambayo Ogutu huyaita karani wa mlangoni:
hajali karamu inavyonoga ndani,
anataka majina yaliyo kwenye orodha.

Nimefuta masalia ya ujenzi. Nimejenga upya.
Nimezima kompyuta nikaiwasha, kama mtu
anayempiga mbuzi mgongoni atoe alichomeza.
Nyekundu.
Ogutu akaacha nusu ya chapati kwenye karatasi, akavaa koti:
"Usiguse msimbo wako, hauna kosa. Soma mti."

Basi nikauchapisha mti wa mategemeo,
mistari mia tatu na ushei, tawi juu ya tawi,
nikaupekua kwa kidole
kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.
Na huyo hapo! Maktaba ya vitu bandia,
niliyoileta mwenyewe kwa ajili ya majaribio,
imebeba mfukoni maktaba nyingine, kuukuu,
ambayo tayari ninayo, mpya, sebuleni.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Hawa si wawili.
Ni fahali mmoja aliyeingia kwa milango miwili,
sasa anajikodolea macho.

Kwetu Othaya jambo hili halikuangusha nyumba.
Nyanya alizaa wana wanne, na kila mwana
alimrudishia mama jina lake kwa binti wa kwanza.
Akiita "Gathoni!" tulitoka watatu,
mmoja jikoni, mmoja bandani, mimi na kitabu,
naye hucheka: "Yule wa maji."
Tulijua. Kila siku tulijua ni nani wa maji.

Mashine haina nyanya.
Inataka nichague, nikachagua, mstari mmoja:
ile kuukuu iliyo ndani ya hii, isiingie.
Sikuiua. Ipo huko iliko, wengine wataihitaji.
Nimeizuia mlangoni pangu tu.

Saa saba na robo. Majaribio mia moja na kumi na mawili:
kijani, kijani, moja likasitasita,
kijani.

Simu ikatikisika mezani. Baba mdogo Ndegwa,
kitinda mimba, mwenye wavulana watatu:
msichana, Pumwani, kilo tatu na nusu.
Jina hakuandika. Nani angeuliza?

Nikaandika: Mwambie tumeshajaa.
Nikafuta.
Nikaandika: Mwambie aje, huyu ndiye wa maji.

Kisha nikala chapati ya Ogutu, ikiwa baridi, yote.