Mstari Nilioruka

Mwaka ule mavuno yalikwenda na maji,
kapu la sadaka likapita mikononi likiwa jepesi.
Mchungaji Hwang akatugawia vikaratasi:
asiye na fedha aandike siku
atakazokwenda kuwafundisha wengine.
Niliandika sita. Mkono ulitetemeka,
si kwa ukarimu; ndiyo kwanza nilijua kuandika.

Nilipozaliwa waliniita Seopseobi,
yaani Tumesikitika, kwa kuwa sikuwa mvulana.
Nikaolewa, nikawa mke wa fulani.
Nikafiwa, nikawa yule wa nyumba ya chini.
Siku ya ubatizo Mama Yun aliniuliza,
"Tukuiteje?" nikakosa la kujibu.
Akanipa Sinae, nami nikalivaa
kama nguo mpya inayowasha shingoni.

Basi mwezi wa kwanza, mto umeganda,
nikavuka kwa miguu kwenda Saemal,
kitabu nimekifunga kifuani kwa kitambaa,
na mfukoni mchele wa vijiko,
ule ambao wanawake wetu hutenga kila wapikapo,
kijiko kimoja kando, kwa tumbo la anayetembea.

Siku ya kwanza walinifungia mlango.
Ya pili, mbwa.
Ya tatu Malsun, mjane, alisimama kizingitini akasema:
"Habari za mbinguni sizitaki.
Lakini nasikia unafundisha herufi.
Mwanangu yuko migodini. Barua zake
nampelekea muuza chumvi anisomee,
naye husoma huku akicheka."

Tulikaa sakafuni, moto ukipita chini yetu.
Nikamwonyesha mundu ukutani: hiyo ndiyo herufi ya kwanza.
Mdomo wa mtungi: nyingine.
Mtu aliyetanua miguu asianguke barafuni: nyingine tena.
Kidole chake kilichopasuka kwa magadi
kilitembea juu ya karatasi
kama kinapapasa paji la mtoto mwenye homa.
Kitabu cha kusomea hatukuwa nacho ila kile kimoja,
basi tukasomea sala, ile fupi,
waliyofundishwa wale walioomba wafundishwe.

Siku ya tano niliisali kwa sauti,
macho nimefumba, kama mtu ajuaye.
Malsun akanigusa goti.
"Dada, hapa umeruka."
"Sijaruka."
"Umeruka. Unaomba ufutiwe deni, sawa.
Kisha kuna maneno. Wewe huyasemi.
Jana pia hukuyasema."

Nikatazama. Yalikuwepo,
meusi, yametulia, hayana haraka.
Miaka miwili nimekuwa nikiyapita
kama mtu apitavyo nyumba yenye mbwa.
Mle ndani alikaa shemeji yangu Deokbae
na maksai wangu wa kulimia,
aliyemuuza hata matanga hayajaanuliwa.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo najua.
Lakini deni unalodai wewe,
unalolilisha usiku kwa mkono wako likanenepa,
hilo dawa yake nini?

Kitabu nikamwachia Malsun.
Siku ya sita niliipeleka kwenye lango la Deokbae.
Alikuwa akipasua kuni, amekonda, anakohoa.
"Umekuja kudai," akasema.
Nikasema, "Nimekuja kuacha."
Hakuelewa. Nami sikuelewa vizuri.
Hakulia, hakuomba radhi.
Baada ya muda mrefu akanisukumia bakuli
la mchuzi wa kabichi.
Ulikuwa wa baridi. Nikaunywa wote.

Sijui kama hiyo siku ilihesabiwa.
Bado ulimi wangu hujikwaa palepale,
kila alfajiri, kama mguu kwenye ngazi iliyolegea,
ila sasa nakanyaga.

Na Malsun, majira ya kuchipua, aliandika siku kumi.
Yuko mabonde ya juu huko,
anafundisha kwa mundu na mtungi.
Nasikia huwaambia wanafunzi wake mapema,
hata kabla hawajavua viatu:
mkimsikia mwalimu anaruka,
mguseni goti.