Kutoa kwa Kukopa

Kwamboka, ukurasa wa kwanza una alama ya dole gumba langu.
Si sahihi ile. Nilikuwa nimetoka kupima mikebe ya makaa,
mkono haujanawa, na Mama Adhis ananiharakisha:
andika, Muthoki, andika kabla hatujabadili nia.
Nikaandika: Karo ya chuo. Muhula wa kwanza.
Wanawake kumi na mmoja, mia mbili kila mmoja, kila Jumapili.

Wewe hukutuomba.
Ulikuwa ukifundisha gredi ya pili pale Baba Dogo,
darasa la mabati nyuma ya kiwanda cha sabuni,
watoto sitini na wanne, na wewe huna cheti,
mshahara ukija ukipenda, kama stima yetu.
Siku ile mkaguzi alikuja na viatu visivyojua tope,
akakuuliza namba yako ya ualimu.
Mwanangu Mutinda alirudi nyumbani saa nne asubuhi:
“Mwalimu ametolewa, mama.
Na hakuwa amemaliza kutuonyesha kutoa kwa kukopa.”

Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Mimi mweka hazina najua kutoa pia ni hesabu:
sifuri toa saba, haiwezekani,
sifuri inabisha hodi kwa jirani, inakopa kumi.
Hivyo ndivyo tulivyokusomesha.

Aprili mvua ilinilowesha magunia matatu,
makaa yakawa ya kufuka tu.
Niliandika jina langu mwenyewe, mbele yake nikachora mstari,
na mstari ule ulinitazama wiki nzima.
Jumapili iliyofuata nililipa mia nne.
Nyumbani tulikunywa turungi siku nane.

Usidhani hatukugombana.
Zeituni aliuliza, tena waziwazi:
“Huyu akihitimu sisi tunapata nini?
Tunafuga ng'ombe hapa, au tunafuga ndege?”
Kiwanda kikapiga king'ora cha zamu ya usiku.
Kiliponyamaza, Syombua akasema:
“Tunapata mtu wa kumaliza ile hesabu.”

Kisha likizo ya Agosti ukaja na andalio la somo,
ukatuketisha juu ya magunia yangu
ukatufundisha kama watoto wa miaka saba,
vifuniko vya soda, kumi kumi, ndani ya soksi kuukuu.
Zeituni aliinua mkono.
Zeituni! Akasema, “Mwalimu, mimi.”
Hakuna aliyecheka.

Barua ya kazi ilipofika
uliileta imekunjwa mara nne,
umesimama mlangoni kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.
Bura. Mto Tana huko. Si Baba Dogo.
Watoto tusiowajua hata majina,
jua ambalo hatujawahi kuliota.
Mama Adhis alitazama sakafu.
Ni Zeituni aliyesema: “Kumbe alikuwa ndege,”
akatoka, akaenda Gikomba,
akarudi na viatu vya ngozi, namba sita,
visigino bado vizima.

Jana usiku nilifunga hesabu kwa mwanga wa simu.
Miaka mitatu: laki tatu, arobaini na tatu elfu, mia mbili.
Salio: sifuri.
Nimeihesabu mara mbili, na mara ya pili
nilihesabu pia ile wiki ya turungi.

Nduku, mdogo wake Mutinda, sasa ndiye yuko gredi ya pili,
mabati yaleyale, harufu ileile ya sabuni.
Wanafundishwa na kijana mmoja, Ekidor,
mpole, mkono wake ubaoni umenyooka kama uzi.
Cheti hana.
Mkaguzi bado hajapita.

Sijamwambia mtu. Nimefungua ukurasa mpya tu, nione ulivyo mweupe.
Kalamu sijui nimeiweka wapi,
na mkono sikuwa nimenawa.
Dole gumba limeshatangulia.