Waya Mnene

Dereva alirudi Jumatatu kwa lifti ya lori la mkaa,
waya wa betri ameuviringisha mkononi
kama kamba ya mbuzi aliyetoroka.
"Nyamizi, kazi yako hii
imenilaza Usoke siku mbili na robota za tumbaku."

Fundi Kasonta hakunigombeza.
Alichukua msumeno, akakata kiungo katikati,
akanipa nusu yangu kama anayegawa muwa.

Nje, fedha tupu, laini,
vile vile nilivyojisifia Ijumaa.
Ndani, nyuzi za shaba kavu,
kila uzi kivyake,
hazijawahi hata kusalimiana.

"Uliipasha risasi," akasema.
"Waya hukuuliza."

Pasi ya umeme inatosha redio.
Waya wa unene wa kidole gumba hunywa joto,
hulishusha hadi mkiani,
wala hausemi ahsante.

Basi nikawasha mkaa nyuma ya kibanda, hapa Isevya,
nikaupuliza kwa feni ya kompyuta iliyokufa.
Tukachomeka ndani kile kichwa cha shaba,
kilo moja na nusu,
alichotoka nacho karakana ya reli siku ya kustaafu
(alipewa, anasema).
Nikakwangua weusi mpaka waya ukaona haya.
Nikapaka ulimbo.
Nikaegemeza moto chini yake.

"Ngoja."
Moshi ukaniingia machoni.
"Ngoja."
Treni ikapiga honi stesheni, ikaondoka,
mkono ulioshika risasi ukaanza kutetemeka
na dereva akaangalia saa kwa makusudi ili nimwone.
"Bado."

Halafu, "Sasa. Gusa waya, usiguse moto."

Sisi wa Tabora kila kitu tunakifananisha na asali.
Hii haikuwa asali.
Ilipotea kama maji mchangani,
nikalisha, ikapotea, nikalisha tena,
mpaka upande wa pili likachungulia tone moja
lililopita kote huko gizani.

"Usitikise."
Likang'aa. Likafifia kidogo. Likatulia.

Fundi, ambaye mtoto wa jicho amemwachia ukungu tu,
alisogeza pua, akanusa,
akarudi kwenye kigoda chake.
Dereva akatoa pochi.
"Rudisha," nikasema, kabla sijaulizwa.
"Ulishalipa Ijumaa."

Ile nusu ya kwanza nimeipigilia msumari juu ya mlango.
Wateja huishika, huigeuzageuza.
Kitu kizuri hiki, husema. Kinavyong'aa!