Bahasha

Huku Łódź alasiri ya Novemba ni usiku tayari.
Nilishuka ngazi za ghorofa ya nne na goti langu bovu,
barua kifuani, ndani ya koti, kama mtoto mwenye homa.
Ilisema: lipa, la sivyo ondoka.
Ilitumia maneno marefu, lakini ndiyo hayo.

Jengo letu limepata mmiliki mpya. Hatujamwona.
Tumeona rangi mlangoni, na kufuli,
na bomba la maji moto lililopoa tangu Septemba
likakosa fundi.
Deni, wanasema, ni la miaka mitatu.
Mimi niliyehesabu mishono kiwandani miaka thelathini na mmoja
sikujua nimekosea wapi kuhesabu.

Kila Alhamisi, chumba namba sita, nyuma ya maktaba,
wakili hukaa tangu saa tisa hadi saa moja.
Humlipi wewe, humlipa manispaa.
Jirani yangu Bogumiła aliniambia hayo kwa kunong'ona,
kama mtu anayetaja nyumba ya mganga.

Kwenye foleni: kijana mwenye plasta mkononi,
kaanguka jukwaani na tajiri yake kamkana;
mama wa mapacha anayemdai matunzo
mwanamume aliyehamia Norwe;
na mzee aliyekuja, nadhani, kuota moto tu.
Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Shida ni nguo ya ndani:
kila mtu anayo, hakuna anayeianika barazani.

Kabla ya lolote, fomu.
*Natamka kwamba sina uwezo wa kulipia wakili.*
Mstari mmoja, na nafasi ya sahihi.
Nimewahi kutia sahihi cheti cha ndoa, kisha cha kifo,
kalamu haikuwa nzito namna hii.
Nimeshona makoti ya watu wenye madereva
na sikumwomba yeyote hata sindano.
Nikasaini. Herufi zikainama.

Wakili Ziemowit ana mafua, na umri wa mjukuu wangu.
Koti lake liko mgongoni mwa kiti, kifungo cha pili hakipo.
Akasoma. Akapenga kamasi. Akasoma tena.
"Barua ni ya tarehe tatu.
Siku za kupinga ni kumi na nne.
Leo ni ishirini na saba."
Akaiacha hesabu imalizike yenyewe.
Halafu: "Bahasha je? Umeitupa?"

Nani hutupa karatasi yenye mgongo mweupe?
Nikaitoa mkobani. Nyuma nilikuwa nimeandika
viazi, vitunguu, sabuni ya mche, dawa ya goti.
Akaigeuza kwenye taa polepole, kama anayekagua noti.
Muhuri wa posta ya kwetu: kumi na tisa.
Akacheka, kicheko kikaishia kwenye chafya.
"Zimepita nane tu, mama. Tunazo sita."

Tunazo.
Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani.

Alipokuwa akiandika pingamizi nikalivuta koti lake,
nikatoa uzi. Akasema haruhusiwi kupokea chochote.
Andika, mwanangu, nikamwambia, nami naandika.
Mishono minne na fundo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sawa.
Lakini nani humwambia mnyonge
haki hiyo inakaa chumba namba ngapi,
na hufunga saa ngapi?

Sijashinda. Kesi imesogezwa hadi Machi.
Bomba bado baridi, nakoga kwa birika.
Kampuni ilileta mawakili wawili wenye mikoba ya ngozi,
mmoja akanipisha mlangoni kwa adabu kubwa.
Ila kwenye jalada la mahakama, ukurasa wa saba,
kuna kielelezo kilichogongwa muhuri,
na hakimu, apende asipende, atakisoma:
viazi, vitunguu, sabuni ya mche.

Dawa ya goti bado sijanunua.