Eda ya Wiki Mbili

Mke huachwa kwa talaka,
nyumba huhamwa kwa barua ya mwezi mmoja,
hata kazi ina siku yake ya kurudisha funguo.
Msusi je? Msusi anaachwaje?
Wahenga wamesema juu ya jirani, juu ya mgeni na mke mwenza;
juu ya msusi walifunga midomo,
wakaniachia mimi peke yangu, ndani ya gari,
kwenye taa za Al Khoudh, kijani imewaka zamani
na wa nyuma yangu anapiga honi.

Miaka kumi na mmoja, Alhamisi kwa Alhamisi,
nilikaa chini kati ya magoti ya Bi Thuwaiba,
nyuma ya duka la mitungi ya gesi,
kiyoyozi kinakohoa,
kitana kakiuma menoni, maneno yanapita pembeni:
nani kaposwa Barka, nani karudi Wete, nguru kapanda bei.
Kichwa changu anakijua kunishinda.
Lile kovu la kisogoni, nilipoteleza ngazini na miaka yangu sita,
hulizunguka kama maji ya falaji yanavyolizunguka jiwe.
Unywele wangu wa kwanza mweupe aliuona yeye.
Hakuung'oa. Hakuniambia.
Aliufukia ndani ya msuko,
nikaja kuukuta mwenyewe siku ya kufumua.

Basi nilimwachia nini?
Si bei. Riyali tatu, na moja hurudi imegeuka vitumbua.
Njia. Njia zake zilianza kupinda.
Mkono ulianza kutetemeka baada ya Ramadhani ya mwaka juzi,
na mimi, niliyepaswa kumpeleka hospitali,
nilijitazama kiooni nikasema: njia zimepinda.

Eda yangu ilikuwa wiki mbili.
Mabela kuna saluni, kiti kinazunguka,
na Selam wa Addis Ababa ana vidole kama cherehani.
Haniulizi mama hajambo. Hajui kama nina mama.
Njia zake zimenyooka kama barabara ya Nizwa.
Nikatoka pale mwepesi, mzuri,
nikajifunga mtandio harakaharaka
kama mtu atokaye nyumba isiyo yake.

Tangu hapo nazungukia nyuma ya msikiti
nisilipite duka la gesi.
Dakika tisa zaidi. Nimezihesabu.
Na sauti yake imo kwenye simu:
"Mwanangu, unaumwa? Mafuta yako nishayachemsha, rehani imekolea."
Nimeisikiliza mara nne.
Nimejibu: kazi, Bi Thuwaiba, kazi tu.

Ikaja harusi ya Zayana, ukumbini Sib.
Wanawake peke yetu, mabuibui yamerundikwa kitini,
misuko, mawigi, asmini hadi mabegani.
Mimi nimejifunika gubigubi.
"Baridi," nasema. "Kiyoyozi hiki!"
Jasho linanichuruzika mpaka kwenye mkufu.

Akaja. Akakaa. Hakuuliza.
Akapenyeza mkono chini ya mtandio, mkono ule ule,
ukapapasa mstari kwa mstari, ukitetemeka,
kama wa mtu anayesoma gizani.
Nikangoja.
"Kakusuka vizuri," akasema. "Mikono ya ujana hiyo.
Ila hapa kakuvuta mno."
Akaliminya panja la kushoto.
Ndipo hasa palipokuwa pakiniuma, siku ya tatu ile,
na sikuwa nimemwambia mtu.

Kisha akafungua mkoba, akanipa chupa
iliyofungwa kwa mfuko wa duka la haluwa, mafundo mawili,
akainuka, akaenda zake kwenye birika la kahawa.

Chupa iko juu ya friji.
Kesho Alhamisi. Selam kaniandika saa kumi na nusu.
Nimefumua msuko mmoja, ule wa panjani.
Mingine sijaigusa.