Kiraka

Cherehani hii ilishona bawa.
Si la kuku, wala la malaika:
bawa la ndege ya vita, limelazwa
juu ya mapipa manne pale Kirumba
kama mgonjwa anayengoja kupasuliwa.

Ni mwaka ule Waingereza walipoingia Mwanza,
Wadachi wamekwisha kukimbilia kusini.
Luhende, aliyemzaa bibi yangu,
alikuwa fundi wa kanzu na magunia ya pamba.
Askari akamjia dukani, hata hodi hakupiga:
"Beba mashine. Ndege imetoboka."
Akacheka. Ndege hunyonyoka, haitoboki!
Akacheka hadi alipoona kitako cha bunduki.

Alizoea kuisikia kabla ya kuiona,
kinu kinachosaga mbinguni bila mtama,
kuku wanaingia uvunguni, watoto wanatoka nje.
Ilikuwa na mitumbwi miwili mahali pa miguu
na ilitua ziwani kama bata mwenye hasira.
Alidhani ni chuma kitupu.
Akaigusa.
Vijiti. Vijiti, waya, na nguo.
Kitani kilichopakwa gundi inayonuka ndizi mbivu,
kimekaza kama ngozi ya ngoma.
Matundu kumi na moja. Aliyahesabu.

"Yametoka wapi?"
Wakamwonyesha kwa kidevu: kusini.
Kusini ndiko alikokuwa Nkwabi, mdogo wake,
mpagazi wa Wadachi,
sanduku la risasi kichwani, namba shingoni.

Alishona siku mbili.
Rubani alikuwa kijana wa chunusi, pua imebabuka kwa jua;
akamfundisha fundo lao, wakaelewana kwa vidole.
Akamgawia sigara. Akatoa picha ya mama yake.
Luhende hakuwa na picha,
akachora kwa mkono hewani tumbo la mkewe,
hivi,
duara.

Jioni visubi wakapanda kutoka ziwani
kama moshi wa moto usiokuwepo,
wakanasa kwenye gundi mbichi, maelfu kwa maelfu.
Asubuhi bawa lilikuwa na manyoya.

Siku ya tatu wakapakia.
Mabomu hayakuwa makubwa, kama vibuyu vya maziwa.
Rubani akayapanga miguuni,
moja akalipakata.
Luhende akaelewa hapo, si kabla.
Huo ndio ukweli wake,
au ndio aliochagua kutuachia.

Ikakimbia juu ya maji, ikayapiga mateke mawimbi,
ikayaruka mawe yetu yaliyobebana bila saruji,
na chini ya bawa la kushoto
viraka vyake vikaonekana wazi, vyote kumi na kimoja.
Watu wakashangilia.
Naye alishangilia.
Hilo hakulisema yeye; mkewe alimwambia bibi,
bibi akaniambia mimi, mlango umefungwa.

Nkwabi hakurudi.
Homa, walisema wengine. Wengine, kuhara.
Mmoja aliyerudi bila sikio alisema
ilikuwa saa ya uji, kambini,
tumeinua vichwa sote, midomo wazi,
maana hatujapata kuona kitu kama kile.
"Kilikuwa na viraka?" Luhende akauliza.
Yule mtu akamtazama kama mwendawazimu.
"Nani angehesabu viraka?"

Tangu hapo hakushona tena kitu cheupe.
Wenye kanzu zao wakahamia kwa fundi mwingine.
Mtoto alipozaliwa akamwita Milembe,
yaani amani; na kwa miaka mingi
akamlisha kwa magunia.

Sasa mashine iko kwangu, Nyakato.
Nashona sare za shule, mapazia, magauni ya maharusi.
Mimi cheupe nashona, njaa haichagui rangi.
Ila ndege ikipita juu kwenda kutua Ilemela
mguu wangu husimama juu ya kanyagio, wenyewe,
na mteja huinua macho, akiuliza
kama uzi umekatika.