Mwenyeji Hajulikani

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia Newala,
ghala linaonekana nusu, nusu nyingine tunaamini tu ipo.
Magunia yamepangwa tangu jana.
Korosho zimepimwa, mizani imesema kilo zake,
ila stakabadhi hazitoki, na mnada ni kesho.

Karani Nankoma ananipokea mlangoni:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone."
Hakujua kwamba ameutaja ugonjwa wenyewe.

Chumba cha nyuma. Feni moja.
Seva juu ya kreti la soda, imefunikwa kitenge.
Naandika amri ya kwanza, inaganda.
Nahesabu hadi ishirini, ndipo inajibu
kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini:
*mwenyeji hajulikani.*

Mwenyeji gani tena? Si wewe?
Miaka sita umo humu, unahesabu jasho la watu.

Nikaiita kwa namba:
iliitika kabla sijanyanyua kidole.
Nikaiita kwa jina:
kimya.

Nikafuata waya hadi kwenye ruta, nikachomoa, nikachomeka.
Nikaulaumu mnara. Nikailaumu mvua ya juzi.
Nikampigia Shaweji, yuko Masasi, akaniambia
tazama huko nje, kwa watunza majina wakubwa.
Nikatazama. Saa nzima ikaenda
nikitafuta uani kilichopotelea chumbani.

Maana kumbe, kila ikitaka kujitaja,
seva hii hutoka, huteremka mlima,
hwenda hadi Dar es Salaam kuuliza: mimi nani?
Na Dar, ambako haina ndugu wala jamaa,
huiacha barazani mpaka ichoke kusubiri.

Nikafungua faili la wenyeji.
Mistari miwili, basi.
Wa kwanza: mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja,
yaani hapahapa, nyumbani, usitoke.
Wa pili: namba ya jirani yake, na jina:
somoe.

"Somoe ndiye nani?"
Nankoma akacheka mpaka miwani ikamshuka.
"Mama yake Chihipu, fundi wa kwanza.
Siku anaifunga, akaipa jina la mama.
Mwaka jana wakaja wakaguzi, wakasema
mashine ya chama haiitwi Somoe.
Wakaibatiza ghala-nwl-02."

Wakabadilisha kibao cha mlangoni.
Daftari la ndani hawakuligusa.

Mimi nilitoka jandoni na jina jipya.
Kijiji kizima kikalishika siku ileile;
la utotoni likaungua pamoja na kibanda.
Bibi peke yake hakupata habari,
au alipata, akapuuza.
Aliniita Kandulu hadi siku tunamzika,
nami, mwanamume mwenye ndevu zangu, niliitika,
nikiangalia kwanza kama kuna anayesikia.

Kwa hiyo sikufuta.
Nikaweka kishale mbele ya herufi ya kwanza,
nikaandika jina la wakaguzi, nikaacha nafasi,
Somoe akabaki palepale alipokuwa,
nyuma kidogo, kama mama kwenye picha ya harusi.
Nikahifadhi.

Ghala-nwl-02? Ipo.
Somoe? Ipo,
wala haikuangalia nyuma.

Printa ikakohoa mara mbili, ikaanza kazi.
Stakabadhi ya kwanza, kilo mia nne na kumi na moja,
ikamfikia mama mmoja mwenye kanga ya njano.
Akaisoma kwa kidole, polepole, akasimama.

"Hapa pameandikwa Nampota.
Mimi ni Nampoto."

Nankoma akanitazama.
Nilikuwa tayari nazungusha waya wangu mkononi.
"Hilo halimo kwenye faili langu, mama," nikasema.
"Hilo muulize karani."